Mama Njia Afunga Akaunti Yake

Tarehe thelathini ya mwezi uliopita, siku ya Ijumaa, saa kumi jioni, Mama Njia alirudisha kitambulisho chake, funguo mbili za Chumba Namba Sita na koti moja jeupe. Alitia saini pale alipoonyeshwa, akastaafu. Alikuwa amekitumikia Kituo chetu cha Kuhifadhi Damu kwa miaka ishirini na minane na miezi mitano.

Jalada lake, ambalo nimeruhusiwa kulisoma kwa ajili ya wasifu huu, lina barua moja ya kuajiriwa, mbili za kupandishwa cheo na moja ya onyo. Barua ya kuomba uhamisho haimo. Onyo lenyewe ni la mwaka wake wa tatu, kwa kosa la kuchomoa waya wa kompyuta ya mkuu wa kituo wa wakati huo bila kubisha hodi. Alikuwa akitafuta hitilafu. Nyuma ya barua hiyo ameandika kwa kalamu ya risasi: "Niliipata."

Nimepewa kazi ya kuandika kwa sababu nilikaa naye chumba kimoja miezi saba ya mwisho, nikijifunza kazi ambayo sasa ni yangu. Nimehakiki kila tarehe mara mbili. Iwapo bado ipo iliyokosewa, naomba radhi mapema.

Aliajiriwa kupiga chapa lebo za mifuko ya damu: kundi, siku ya kutolewa, siku ya mwisho ya kutumika. Lebo mia mbili kwa siku, kwa vidole viwili. Kompyuta zilipoletwa, wenzake wanne wa chumbani walizifunika kwa vitambaa zisipate vumbi. Yeye alichukua kitabu cha maelekezo akaenda nacho nyumbani. Baada ya hapo wenzake waliondoka mmoja mmoja, huyu akiolewa mbali, yule akipata kazi kwingine, na nafasi zao hazikujazwa. Viti vyao vinne vipo mpaka leo. Watu wa stoo walikuja kuvichukua mara kadhaa, na kila mara walikuta majalada yamepangwa juu yake, wakaambiwa vina kazi.

Kwa wasomaji wa maabara na gereji ambao hawajawahi kuingia chumba hicho, naomba nieleze kidogo. Tunayo programu ambayo sote tunaiita Programu Kubwa. Ndiyo inayojua kila mfuko uko kwenye jokofu gani, na ndiyo inayotoa orodha ya mgao wa hospitali tisa kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Iliandikwa zamani kwa lugha ngumu, na ukitaka kubadilisha kanuni moja tu ilikubidi uijenge yote upya. Miaka kumi na saba iliyopita Mama Njia alipachika ndani yake lugha nyingine, ndogo na nyepesi, ili kanuni zinazobadilika ziandikwe pembeni katika mafaili mafupi yanayoitwa moduli. Programu Kubwa ikitaka kujua damu ya kundi fulani inaweza kupewa nani, inaiita moduli ya makundi. Ikitaka kuchapa lebo, inaiita moduli ya lebo. Moduli ziko kumi na nne, na zote aliziandika yeye.

Jina lake la utani lilizaliwa wiki ya kwanza ya kazi hiyo. Akiziendesha moduli mwenyewe kwa kibodi, zilikwenda vizuri kabisa. Zikiitwa na Programu Kubwa, skrini ilijibu: "Moduli haikupatikana." Faili lipo, unaliona kwa macho yako, na mashine inasema halipo. Mtaalamu aliyeletwa kutoka makao makuu alishauri kila kitu kifutwe na kuanza upya. Siku ya nne Mama Njia aliandika mstari mmoja tu, akaiamuru ile lugha ndogo, ikiwa humo humo ndani ya Programu Kubwa, itaje folda zote inazopitia inapotafuta moduli, moja baada ya nyingine. Orodha ya njia iliyotoka haikufanana hata kidogo na ile aliyokuwa akiiona kwenye kibodi yake. Lugha ikiwa mgeni ndani ya programu ya mwingine haitafuti pale inapotafuta ikiwa kwake.

Tangu siku hiyo, kila aliyemletea tatizo alikutana na swali moja: "Njia inasemaje?" Hata muuguzi aliyekuja kulalamika kwamba mlango wa jokofu haufungi aliulizwa hivyo, naye akarudi maabara akiwa na jina jipya la kumpa.

Nilipoanza kazi niliogopa kumuuliza. Alikula chakula chake cha mchana mezani kwake, amegeukia dirisha, na alizungumza na printa kuliko alivyozungumza na watu. Dereva mkuu wa gereji, anayefika wa kwanza kuchukua orodha, ndiye pekee aliyethubutu kumtania.

"Mama, leo printa imekwambia nini?"

"Imesema umechelewa dakika mbili, na shati lako hujalipiga pasi."

"Haya, mwambie shemeji yangu printa nimesikia."

Akishaondoka, chumba kilirudia kimya chake mpaka kesho yake.

Sasa nifike kwenye jambo lililotokea mwezi uliopita, ambalo mkuu wa kituo amekubali liandikwe, na Mama Njia mwenyewe amesema lisiachwe.

Ijumaa ya tarehe kumi na sita alinipa zoezi: niichape orodha ya njia kutoka ndani ya Programu Kubwa, peke yangu, bila kumuuliza. "Usiiulize ukiwa nje, mwanangu," alisema. "Nje itakupa majibu ya adabu. Iulize ikiwa ndani." Akaenda zake kunawa mikono. Nilichapa. Ilitoka mistari mitano, na mstari wa pili ulikuwa folda iliyo chini ya akaunti yake yeye, ile ya mafaili yake binafsi.

Nilidhani nimekosea, nikachapa tena. Nikafungua folda. Moduli zote kumi na nne zilikuwa humo.

Ubaoni pembeni ya mlango palikuwa na tangazo la ofisi ya utumishi, limebandikwa tangu mwanzo wa mwezi: akaunti ya mtumishi anayestaafu hufungwa siku yake ya mwisho saa kumi jioni, pamoja na mafaili yake. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe mosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Programu Kubwa ingeziita moduli kumi na nne isipate hata moja. Hospitali tisa zisingekuwa na orodha. Na chumbani ningekuwepo mimi tu.

Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni. Aliporudi akauliza kama nimeweza, nikasema bado. Naandika hili kwa aibu. Sikujua ningemwambiaje mtu aliyenifundisha kuisoma orodha ile kwamba hitilafu iliyomo ni yeye.

Jumatatu niliiweka mezani kwake. Alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Wiki moja," alisema. "Nilisema zikae hapo wiki moja tu."

Akanieleza. Wakati ule Programu Kubwa haikuwa na ruhusa ya kusoma folda ya pamoja. Aliandika barua ya kuomba ruhusa, na hospitali zilikuwa zinasubiri damu, akaifungulia folda yake mwenyewe kwa muda mpaka barua ijibiwe. Barua haikujibiwa. Kazi zikawa nyingi, akasahau. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Miaka kumi na saba hospitali tisa zinapita uani kwangu, na mimi sina habari!"

Tulikwenda pamoja kwa mkuu wa kituo. Mkuu alisikiliza, akauliza maswali mawili, akatabasamu.

"Mbona rahisi? Tusiifunge akaunti. Nitazungumza na watu wa utumishi. Mama yetu hatatoka kabisa, na likitokea la kutokea tunampigia simu."

Wa kwanza kutikisa kichwa kukubali nilikuwa mimi. Kuzihamisha moduli kumi na nne, ambazo hakuna mwingine aliyezigusa kwa miaka kumi na saba, katika siku chache zilizobaki, kulinitia hofu. Mama Njia hakusema ndiyo wala hapana. Alishukuru, akatoka.

Siku iliyofuata hakusema neno zaidi ya salamu. Hata dereva mkuu aliuliza shemeji yake printa kafiwa na nani, asijibiwe. Sitaki kujifanya najua aliyokuwa akiyawaza. Ninalolijua ni hili. Mumewe, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alifariki miaka sita iliyopita. Binti yao anaishi ng'ambo, na wajukuu wanamfahamu bibi yao kwa skrini. Aliwahi kuniambia, kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa, kwamba simu ya nyumbani kwake huita kwa mambo mawili: mtu aliyekosea namba, au kazini. Katika hiyo miaka sita alichukua likizo ya siku tisa, na jalada linaonyesha kwamba siku tatu kati ya hizo alikuja ofisini. Mkuu alikuwa amempa nafasi ya kuendelea kuhitajiwa, bila kikomo, na bila yeye kuiomba.

Jumatano nilimkuta amefika kabla yangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa." Aliondoa majalada kwenye kiti kimoja kati ya vile vinne, mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo. "Nimelala nalo lile neno la mkuu. Nikaliona tamu. Tamu sana, mwanangu. Ndiyo maana nimelikataa."

Nikamwambia kweli, kwamba mimi naogopa, na kwamba akaunti ikibaki wazi ningelala usingizi.

"Ndiyo, ungelala. Ukijua nipo, hutaisoma orodha ya njia, utasoma namba yangu ya simu. Na siku nikifa? Utakuja kubisha hodi kaburini uniombe nywila?" Akanitazama, akaona sijacheka. "Unaogopa nini hasa?"

"Naogopa iseme haikupatikana, na mimi niwe peke yangu humu."

"Mimi nilikuwa peke yangu humu iliposema hivyo," alijibu. "Inasema tu. Haiumi."

Akaenda kwa mkuu na kumwambia akaunti ifungwe kama tangazo linavyosema, ila apewe siku zilizobaki auondoe mguu wake mlangoni.

Kazi tuliyoifanya siku hizo naieleza kwa ufupi, kwa faida ya atakayekuja baada yangu. Kwanza fundi wa seva alitoa ruhusa ya folda ya pamoja. Barua iliyosubiri miaka kumi na saba ilijibiwa kwa dakika ishirini, na kijana ambaye ilipoandikwa alikuwa akijifunza kusoma. Kisha Mama Njia akatangaza sheria: hatagusa kibodi. Alikalia mikono yake.

"Kuanzia sasa mimi ni kiti," alisema.

"Mama, sasa hapa niandike nini?"

"Umeona wapi kiti kikiulizwa?"

Nilinakili moduli zote kumi na nne kwenye folda ya pamoja, nikaongeza njia yake kwenye orodha, nikaiwasha Programu Kubwa ya majaribio. Zote zilipatikana. Niliruka. Kiti kikakohoa.

"Umezipata. Umezipata wapi?"

Niliiamuru programu itaje, mbele ya kila moduli, faili ilikotoka. Zote kumi na nne zilikuwa zimetoka kwenye folda yake ya zamani. Njia yake ilikuwa juu ya ile mpya katika orodha, na programu huchukua ya kwanza inayokutana nayo, haiendelei kutafuta. Tungefurahi hadi Ijumaa na kuaibika Jumamosi. Naomba atakayenifuata asiridhike na moduli kupatikana kabla ya kujua imetoka wapi.

Nilipoifuta njia ya folda yake ya zamani, kumi na moja zilipatikana na tatu zikakosekana. Mbili zilikuwa na anwani ya folda yake imeandikwa ndani kwa mkono, kutoka enzi za ile wiki moja. Nilizirekebisha. Ya tatu, ya makundi, ilinitesa siku mbili. Ilikuwa ikiita kipande cha programu kilichotengenezwa kwa toleo la zamani la ile lugha ndogo, toleo lililobaki katika folda yake tu, na Programu Kubwa ilikuwa ikisema tu haikupatikana, neno lile lile, kwa sababu nyingine kabisa. Siku ya pili saa tisa alasiri nilimgeukia nikamwambia nimeshindwa, afadhali akaunti ibaki. Alitazama dirishani muda mrefu sana, midomo imebana, na mimi niliona vidole vinamcheza chini ya mapaja. Angeimaliza kwa dakika tano. Nilirudi kwenye skrini. Kesho yake saa nne asubuhi ilipatikana, na nilijua ilikotoka.

Jumatano ya tarehe ishirini na nane, orodha ya siku ikiwa imeshatoka, fundi wa seva aliifunga akaunti yake kwa saa moja ya majaribio. Mama Njia alijaribu kuingia kwenye kompyuta aliyoitumia miaka yote hiyo. Ikamwambia hana ruhusa. "Vizuri," alisema, akajaribu tena, ikamkatalia tena. "Vizuri kabisa." Programu Kubwa iliziita moduli kumi na nne, ikazipata kumi na nne.

Ijumaa, kabla hajatia saini, tulipatana jambo moja. Kesho yake mambo yakienda kombo, nimpigie. Yakienda sawa, nisimpigie. "Nitajua," alisema.

Jumamosi nilifika saa kumi na moja na robo. Nilikaa. Saa kumi na mbili na nusu Programu Kubwa iliamka yenyewe na kuanza kuziita: tarehe, makundi, lebo, majokofu, safari, na nyingine zote, na mbele ya kila moja ilitaja njia. Nilizisoma mara tatu kuanzia juu mpaka chini, nikilitafuta jina lake na kuogopa kulikuta. Halikuwepo popote. Printa ikatoa orodha.

Dereva mkuu aliichukua, akaitazama, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Haijamaliza hii."

"Imemaliza. Hospitali zote tisa zipo."

"Hospitali naziona. Ile salamu ya chini iko wapi?"

Hapo ndipo ilinibidi nimweleze. Chini ya orodha ya kila siku palikuwa na mstari mmoja: "Safari njema, rudini salama." Madereva walidhani ni mashine. Ilikuwa moduli ya kumi na tano, ndogo kuliko zote, ambayo haimo katika hesabu yoyote. Niliikuta kwenye folda yake siku ya kuhamisha nikauliza niiweke wapi. Alisema iachwe ifungwe na akaunti. "Hiyo si kanuni ya damu," alisema. "Hiyo ni mimi tu."

Dereva mkuu alisimama pale na karatasi mkononi. "Miaka yote hiyo," alisema, "na mimi sikuwahi kujibu." Kisha akaikunja, akaenda kupakia masanduku. Magari yote yalitoka kabla ya saa moja.

Ameniomba niirudishe. Kuiandika ni kazi ya dakika mbili, na sijaiandika. Ningeirudisha, ingekuwa mashine kweli.

Siku ile sikumpigia, kama tulivyopatana. Ofisini simu haikuita, na naamini kwake pia haikuita. Nilimfikiria asubuhi ile amekaa karibu nayo, saa kumi na mbili na nusu, saa moja, saa mbili, akisikiliza kimya na kujua kwamba kazi yake imefaulu.

Mama Njia, kwa niaba ya mkuu wa kituo, maabara, gereji na Chumba Namba Sita, tunakushukuru kwa miaka ishirini na minane na miezi mitano. Hospitali tisa zinapata damu yao asubuhi, na hakuna kati yao inayojua kwamba umeondoka. Sisi tunajua. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa, na hodi nyingi za watu wasio na shida yoyote. Dereva mkuu anataka kuja Jumapili, na ameniagiza nimwelekeze nyumbani kwako. Nimeona haya kumwambia kwamba hata mimi sipajui. Tafadhali tuelekeze.